Usaha si uchafu wa damu

Usaha husemwa kuwa ni damu chafu inayotafuta njia ya kutokea, na kwa imani hiyo watu hukamua majipu kwa vidole. Ukweli ni kwamba usaha ni mabaki ya mapambano. Ndani yake mna bakteria, vipande vya tishu, na zaidi ya yote maiti za neutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi kuliko nyingine zote katika damu ya mtu mzima. Uboho huzizalisha kwa makumi ya mabilioni kila siku. Hufika kwenye jeraha ndani ya saa chache, humeza bakteria, kisha hufia hapo hapo. Ukilikamua jipu unaweza kuwasukuma bakteria ndani zaidi. Likiwa kubwa, mwachie mhudumu wa afya alipasue.

Seli kula vijidudu lilikuwa jambo gumu kuaminika hata kwa wanasayansi. Mwaka 1882, huko Messina, Sicily, mwanazoolojia Élie Metchnikoff alimchoma miiba kiluwiluwi wa kiti cha pweza (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), kiumbe angavu kama kioo. Asubuhi yake alikuta seli zimeizingira miiba ile. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, na mimi kila nikiisoma habari hii hustaajabu kwamba kiumbe asiye na damu kama yetu ndiye aliyetufunulia siri hiyo.

Dhana ya pili: homa huletwa na kijidudu moja kwa moja, basi ikishuka ugonjwa umekwisha. Sivyo. Seli za kinga zikigundua uvamizi hutoa kemikali zinazoufanya ubongo upandishe kiwango cha joto unachokilenga. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka kwa baridi ilhali mwili unachemka: bado hajakifikia kiwango kipya. Joto hilo huwapunguzia vijidudu wengi kasi ya kuzaana. Dawa ya kushusha homa humpa mgonjwa nafuu, na si kosa kuitumia, lakini haigusi chanzo. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38 asisubirishwe nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja.

Seli hizi zinazomeza vijidudu na kuchochea homa ni sehemu ya kinga tunayozaliwa nayo. Wapo pia wanaodhani kinga hii ni kipofu, hupiga ovyo mpaka zije kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza mahsusi kwa kila adui, jambo ambalo kwa adui mgeni huchukua siku kadhaa. La hasha. Seli zake zina vipokezi vinavyotambua maumbo ambayo mwili wetu hauyatengenezi, kama vile kuta za bakteria. Mwanasayansi Jules Hoffmann alionyesha njia hiyo ya utambuzi kwa nzi wa matunda mwaka 1996, na mwenzake Bruce Beutler akaipata kwa panya mwaka 1998.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni hii ya "kuongeza kinga", kana kwamba ni maji ya kujaza kwenye ndoo, kadiri yanavyozidi ndivyo bora. Kinga iliyopindukia huua. Katika sepsisi, mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi huvurugika ukaanza kujeruhi viungo vyake wenyewe: presha hushuka, figo hudhoofika, akili huchanganyikiwa. Mgonjwa wa maambukizi anayepumua haraka na kuanza kuongea asiyoyaelewa hahitaji kinywaji cha kuongeza kinga. Anahitaji daktari saa hiyo hiyo.