Ukihama nyumba kipi kinakufuata na kipi kinabaki ulikotoka

Nilitoka Mtanda, Lindi, nikaja kupanga Chuno hapa Mtwara, kilomita mia na kidogo tu, vitu vyote vikaenea kwenye kirikuu kimoja nikajua nimemaliza. Kumbe godoro ndo jambo jepesi. Kuna vitu nilikua naviamini kabisa na nikipiga stori na watu naona tuko wengi.

Eti "si kuna NIDA, ukihama wote wanaona". Hamna. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, haibadiliki hata uhamie Bukoba, na laini uliyosajili kwa alama za vidole unaondoka nayo. Ila hiyo haiwaambii halmashauri wala watu wa daftari la kura kwamba sa hivi unalala wapi. Kila ofisi na daftari lake, na anayezunguka ni wewe.

Sasa LUKU, hapa ndo niliumia. Watu tunaongea kama LUKU ni ya mtu, "LUKU yangu", wakati ni ya nyumba, mita inabaki ukutani. Wiki ya kwanza nimenunua umeme wa elfu kumi kwa simu, nimechagua namba ya mita niliyoisevu zamani, tokeni imekuja, naingiza inagoma, naingiza tena inagoma, nikaanza kumsema mwenye nyumba moyoni, kumbe nimenunulia mita ya Mtanda. Tokeni inatengenezwa kwa mita moja tu, kwingine haiingii hata ulie. Nikampigia dada aliyepanga baada yangu nikamsomea namba zote ishirini, akacheka sana, "ahsante kaka, usiache kutukumbuka".

Na bei nayo haikufuati. Ule umeme wa bei nafuu kwa wanaotumia wastani usiozidi unit 75 kwa mwezi umefungwa kwenye mita, siyo kwenye jina lako. Kule elfu kumi ilikua inanipa unit themanini na kitu, huku nyumba iko kundi la kawaida napata kama 28. Kabla hujatoa kodi ya miezi sita omba uone meseji ya mwisho ya umeme ya nyumba hiyo, mwenye nyumba akishangaa mwache ashangae.

Halafu ile 1,500 inayokatwa kila mwezi ukinunua umeme, wengi wanasema ni deni la mpangaji aliyetoka. Siyo, ni kodi ya majengo, inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda. Nyumba ikikaa tupu miezi kadhaa inajikusanya, na anayekuja kununua umeme wa kwanza inamkuta yote. Anayedaiwa hasa ni mwenye nyumba, kwaiyo tunza meseji mkatane kwenye pango. Deni la mtu aliyetoka utalikuta kwenye maji, maana bili inakuja baada ya kutumia, na wakija kukata hawakati aliyehama, wanakata bomba la hapo ulipo. Uliza kabla ya kushusha vyombo.

"Nimeshajitambulisha kwa balozi, inatosha." Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, heshima yake tumpe, lakini barua ya utambulisho inatoka serikali ya mtaa. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa uandikwe kwenye daftari la wakazi ungali huna shida, usisubiri siku ndugu yako kashikwa polisi anatakiwa mdhamini ndo unakimbia kwa mtu asiyekujua hata sura.

Kura ndo wengi tunachanganya zaidi. Yale majina tuliyoandikisha Oktoba 2024 yalikua ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, hilo ni daftari la mtaani na linasimamiwa na TAMISEMI. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume ya Uchaguzi na ni kitu kingine, kuandikishwa huku hakukuhamishi kule. Ukihama unaomba kuhamisha taarifa wakati wa uboreshaji. Usiende kujiandikisha upya kama mtu mpya, kujiandikisha mara mbili ni kosa.

Wenye biashara, TIN ni ileile ila TRA waambie ulipohamia, na leseni ya halmashauri ya Lindi haikupi ruhusa ya kufungua duka Mtwara. Mtoto wa shule anahama na namba yake ya PReM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, lakini mwalimu mkuu wa kule na afisa elimu lazima wapitishe uhamisho.

Kuna na wale wa "sina sanduku la posta kwaiyo sina anwani". Tangu ile operesheni ya 2022 anwani ni namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi ya kata, za Mtwara zinaanza na 63, za Lindi 65. Mi mwenyewe fomu za mwanzo nilijaza 65 kwa mazoea.

Benki bado nasomeka niko Lindi. Nilienda nikakuta foleni ya wakulima wa korosho mpaka barabarani, nikageuza. Ngoja msimu upungue.