Kisimamizi cha matoleo: Java mbili katika mashine moja

Mwandishi wa programu aliyeko Langoni, mjini Lamu, mara nyingi ana laptopu moja tu, nayo ndiyo hubeba kazi za wateja wake wote. Nyumba ya wageni kule Shela inatumia mfumo wa kuhifadhi vyumba ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Java, toleo la 8 (Java 8) la mwaka 2014. Mteja mwingine anataka mfumo mpya uliojengwa kwa Spring Boot 3, kiunzi cha kuandikia programu za Java kisichokubali chochote chini ya Java 17. Akibaki na Java 17 peke yake, mfumo wa Shela unaweza kugoma, maana maktaba ya JAXB (ya kusoma na kuandika XML) iliyokuja pamoja na Java 8 iliondolewa kuanzia Java 11. Akirudi Java 8, mfumo mpya haufunguki, na teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inamjibu UnsupportedClassVersionError, kosa la toleo lisilolingana.

Kisimamizi cha matoleo ni programu ya teminali inayokuwezesha kuweka matoleo mengi ya chombo kimoja, kila moja katika folda yake, kisha ukachagua lipi lifanye kazi. Kwa Java inayojulikana sana ni SDKMAN, iliyoanzishwa na Marco Vermeulen kwa ajili ya lugha ya Groovy, enzi hizo ikiitwa GVM. Wanaotumia Node wana nvm, wa lugha ya Python wana pyenv, wa lugha ya Ruby wana rbenv.

Wengi hukariri amri tu bila kujua kinachotendeka ndani. Siku amri hizo zikikataa, hufuta kila kitu na kuanza upya, na JDK moja, yaani kifurushi kizima cha toleo la Java, ni karibu megabaiti 200. Kwa anayenunua bando, hiyo ni hasara ya kweli.

Basi jambo lenyewe ni hili. Ukiandika java kwenye teminali, mfumo endeshi wa kompyuta hauijui Java iliko. Husoma orodha ya folda iitwayo PATH kuanzia mwanzo, na faili la kwanza lenye jina hilo ndilo linaloendeshwa. Folda zilizobaki haziangaliwi. SDKMAN huitanguliza folda yake katika orodha hiyo. Matoleo yenyewe hukaa ~/.sdkman/candidates/java, na humo mna kiungo kiitwacho current kinachoelekea toleo la kawaida. Amri ya sdk default hukigeuza kiungo hicho, na teminali mpya zote hufuata. Amri ya sdk use hubadilisha PATH ya teminali uliyomo tu. Ukiifunga, chaguo limekwenda nayo. Anayelalamika kwamba Java "imejirudia yenyewe" karibu kila mara alitumia use alipohitaji default.

Pyenv hupita njia nyingine: huweka mbele vifaili vidogo vyenye majina kama python na pip, na kila kimoja ni bawabu anayeuliza kwanza mradi huu unataka toleo gani, ndipo aipeleke amri panapostahili.

Kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya folda yako ya nyumbani, huhitaji sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi), na Python iliyokuja na mfumo endeshi wa Ubuntu, au Java uliyoiweka humo awali, haiguswi. Hilo naliona ni kubwa kuliko urahisi wote mwingine, hasa kwa Python, maana Ubuntu yenyewe huitegemea.

Katika kila mradi weka faili la .sdkmanrc lenye mstari kama java=17.0.10-tem. Mwenzako akilichukua na kuandika sdk env, anapata toleo lile lile, ilimradi awe amekwisha kulipakua. Mtandao ukisumbua, sdk offline enable huizuia SDKMAN kutafuta intaneti, nawe unaendelea kubadilisha kati ya matoleo uliyo nayo.

Angalizo kwa wanaoendesha kazi za usiku, kama kunakili data ya wageni: cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, haisomi .bashrc, faili la mipangilio ya teminali, hivyo haina habari na SDKMAN. Humo andika njia kamili hadi kwenye bin/java ya toleo unalolitaka.