Kilwa ya mwaka 1331 haikuwa mji wa wageni

Mashua ikigusa tu ufuko wa Kilwa Kisiwani, kabla watu hawajakung'uta mchanga miguuni, lazima mmoja atanyoosha kidole kwenye Gereza, ile ngome ya ufukoni, na kusema: "Kumbe Waarabu walijenga vizuri." Nimetembeza wageni kwenye magofu haya miaka mingi na nimeshazoea. Lakini wiki iliyopita aliyesema hivyo ni mwalimu wa historia, mbele ya wanafunzi wake, na wanafunzi wakaandika. Hapo nikaona siwezi kunyamaza tena.

Kwa Gereza lenyewe mwalimu hakukosea sana. Wareno waliweka ngome pale mwaka 1505, na sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni kazi ya wakati wa Waomani. Tatizo ni kwamba mtu akitoka pale anaubeba uamuzi uleule hadi Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, na hadi Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14.

Chukueni mwaka mmoja tu, 1331, kwa sababu ndio mwaka tulio na shahidi aliyefika kwa miguu yake. Ibn Battuta, yule msafiri, alikuwa mtu wa Tangier kule Moroko, mwanasheria aliyesomea Kiarabu na kuandika Kiarabu. Alishuka pwani kutoka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, ndipo akaja Kilwa. Kama angekuta mji wa Waarabu, nani angefurahi kulisema hilo kumzidi yeye? Alichosema ni kwamba wengi wa wakazi wake ni Zanji, jina Waarabu walilowaita watu weusi wa pwani hii, weusi sana, wenye chale usoni. Kule Mogadishu alikuwa ameshaeleza kwamba sheikh wa mji anakijua Kiarabu lakini anasema lugha ya kwao. Yaani alikuwa mtu wa kutazama hayo. Na nchi yenyewe anaiita Sawahili, jina tunalotembea nalo mpaka leo.

Wageni wakibisha, nawapeleka ukutani wapapase. Ukisogeza uso karibu na jiwe la Husuni Kubwa unaona vijinyota vidogo vidogo, vimejipanga kama sega la nyuki. Hayo ni matumbawe. Yale mazuri ya kuchonga yalikatwa baharini yangali laini, yakachongwa kabla hayajakauka, kwa sababu yakishakauka yanakuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya tanuru la magogo. Kisha tazama vyumba: virefu lakini vyembamba, maana upana wake ulipimwa na urefu wa boriti ya mkoko. Jengo zima limefuata bahari hii na mikoko hii. Ufundi wa namna hiyo hauji na jahazi la msimu mmoja.

Sasa, wapo wanaokimbilia upande wa pili na kuniambia Washirazi, wale wanaosemwa walitoka Shiraz ya Uajemi, ni hadithi tupu, hakuna mgeni aliyewahi kufika. Nao wanaharibu. Sultani aliyempokea Ibn Battuta, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa wa ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen. Habari za kale za Kilwa zinasema Ali bin al-Hasan wa Shiraz alikinunua kisiwa kwa nguo. Someni vizuri hapo: alikinunua, maana yake palikuwa na mwenyewe. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta watu walikaa hapa tangu karne ya 9 hivi, wakivua, wakifua chuma, wakipikia vyungu vya jadi ya hukuhuku. Na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, kwa mifupa ya makaburi ya miji ya pwani, ulikuta upande wa akina mama ni wa Kiafrika kwa wingi, na upande wa akina baba umeingiwa na damu ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Wageni walikuja, wakaoa, wakawa watu wa hapa. Mji ulikuwa wa Waswahili.

Mengine ninayoambiwa niyapitie haraka.

Eti magofu si ya wakati wa Ibn Battuta kwa kuwa yeye alisema mji umejengwa kwa mbao. Ni kweli alisema hivyo. Lakini kitabu chake alikisimulia akiwa kwao Moroko, kikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baadaye. Husuni Kubwa limetoa maandishi ya mawe yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Jiwe naliamini zaidi.

Eti sultani huyo alifariki 1331. Hili linatokana na kusoma mistari miwili kwa pupa. Ibn Battuta anasimulia fakiri wa Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na baba akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisha anasema mfalme huyo alipofariki akafuata nduguye Dawud, aliyewajibu waombaji kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu. Ibn Battuta mwenyewe hakushuhudia kifo hicho. Watafiti wanakiweka karibu na 1333.

Eti mwaka 731 Hijria ni sawa na 1331. Ulianza Oktoba 1330, ukaisha mwanzoni mwa Oktoba 1331. Kwa mfano Abu al-Fida, mwanajiografia na mtawala wa Hama kule Syria, alifariki mwishoni mwa Oktoba hiyohiyo, na tayari ulikuwa 732. Ukibadilisha tarehe, tafuta na mwezi. Tena wapo wanahistoria wanaoirudisha safari ya Kilwa hadi 1329.

Eti Kilwa ilikuwa chini ya Oman au Uturuki. Mwaka 1331 Waosmani, yaani Waturuki, ndio kwanza wameutwaa mji wa Nicaea, mwezi Machi, kule kwao Anatolia. Sultani wa Kilwa alifua sarafu zake mwenyewe, zenye jina lake, na moja ya sarafu hizo imeokotwa Zimbabwe Kuu.

Eti dhahabu ilichimbwa Kilwa. Hapana. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashukia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo. Kilwa iliishika biashara yake.

La mwisho ni la nauli. Kila msimu napokea mtu aliyeshukia Kilwa Kivinje akitafuta jumba la sultani. Kivinje ni mji wa karne ya 19. Ukiitaka Kilwa ya 1331, shukia Masoko, chukua kibali, panda mashua asubuhi, na mwambie nahodha akuanzishie Husuni Kubwa. Gereza liache liwe la mwisho.