Usiifute faili ya Kihindi inayosomeka "fgUnh"

Mtu hufungua waraka wa zamani wa Kihindi, akakuta "fgUnh" mahali palipopaswa kuwa na neno हिन्दी, akadhani faili imeharibika. Haijaharibika. Imeandikwa kwa fonti ya Kruti Dev, na kompyuta yake haina fonti hiyo.

Kabla Unicode, mfumo unaoipa kila herufi ya kila lugha namba yake, haijaenea, watengenezaji wa fonti nchini India walichora maumbo ya Devanagari, yaani mwandiko wa Kihindi, juu ya nafasi za herufi za Kilatini. Kruti Dev ilifuata mpangilio wa taipureta ya Remington, kwa hiyo wapiga chapa waliuzoea mara moja. Lakini kompyuta inachokiona ni f, g, U, n na h. Ukitafuta neno la Kihindi humo, hulipati. Unicode imeitengea Devanagari nafasi zake 128, kuanzia U+0900 hadi U+097F.

Kugeuza faili ya Kruti Dev kuwa Unicode si kubadilisha alama moja kwa nyingine tu, na hapa ndipo vigeuzi vingi huanguka. Kruti Dev hufuata jicho, Unicode hufuata matamshi. Alama ya irabu fupi i huchorwa kushoto kwa konsonanti ingawa hutamkwa baada yake. Ndiyo ile f ya mwanzo. Kigeuzi lazima kiihamishe, na penye konsonanti zilizoungana kiirushe hadi nyuma ya kundi zima. Alama ya r inayokaa juu ya herufi huenda kinyume: धर्म huandikwa "/keZ", Z ikiwa mwisho, ilhali katika Unicode r hutangulia m. Baada ya kugeuza, tafuta viduara vya vitone: ni dalili ya irabu iliyokosa konsonanti yake.

Linalonisikitisha zaidi ni maneno ya Kiingereza na anwani za barua pepe yaliyochanganywa humo. Ukinakili matini tupu, yaani maandishi bila taarifa za fonti, kigeuzi hakijui kipande kipi kilikuwa Kruti Dev, nacho huvuruga vyote. Tumia kigeuzi kinachosoma fonti ya kila kipande ndani ya faili yenyewe.

Fonti nyingine za zamani za Kihindi, kama Chanakya na Shusha, zina mpangilio tofauti kabisa, hivyo andika jina la fonti kwenye kumbukumbu za kila faili kabla hujagusa chochote. Faili asilia ihifadhiwe hata baada ya kazi kukamilika, maana kosa likigunduliwa baadaye, ndiyo pekee itakayowezesha kugeuza upya.