Lubaale ni nani?

Nasomesha Kiswahili hapa Jinja, na kuna neno moja la Kiganda ambalo wanafunzi hunirudishia kila mara: lubaale. Wanataka tafsiri. Jibu la haraka ni "mungu", wingi "miungu", na mtu akishaliandika hufunga daftari. Jibu hilo silipendi, kwa sababu linamfanya Mukasa wa ziwani aonekane ndugu wa Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki, na hawa wawili hawakuzaliwa nyumba moja.

Poseidon alizaliwa mungu. Baba yake Kronos alikuwa mungu kabla yake, na hakuna siku hata moja alipokuwa mtu kama mimi na wewe. Lubaale (wingi wake ni balubaale), kama masimulizi mengi ya Buganda yanavyoeleza, alianza akiwa binadamu. Aliishi, akawa na kipawa kilichowapita wenzake, na alipokufa au kutoweka watu hawakukubali kumwacha aende. Walimjengea nyumba, wakamwekea walinzi, wakaendelea kumpelekea shida zao.

Muumba ni mwingine. Huyo anaitwa Katonda, kutokana na kutonda, yaani kuumba. Wamisionari waliofika Buganda kuanzia mwaka 1877 walichukua jina hilo kwa Mungu wa Biblia, na ndilo linalosikika makanisani hadi leo. Upande wa pili yupo muzimu, ambaye msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa: ni mzimu wetu uleule, roho ya aliyekufa inayobaki na watu wake. Ila mzimu ni wa familia na ukoo. Lubaale huendewa na nchi nzima, hata na Kabaka, mfalme wa Buganda.

Chukua Kibuuka. Jina linatokana na kubuuka, kuruka. Kabaka Nakibinge alipozidiwa na Wanyoro vitani, aliomba msaada visiwa vya Ssese, akaletewa Kibuuka, ndugu yake Mukasa. Huyu alipanda juu akajificha ndani ya wingu, akawamiminia adui mishale kutoka huko. Alikuwa ameonywa asijihusishe na mwanamke wa Kinyoro. Akamchukua mateka mmoja, mwanamke akajua mume anakaa wapi wakati wa vita, akatoroka akawaambia wakwao. Siku ya pili wapiga mishale wa Bunyoro hawakulenga mbele, walilenga wingu. Kibuuka akaanguka juu ya mti huko Mbaale, Mawokota, akafa.

Huyo ndiye lubaale wa vita. Amekufa kwa mshale, kwa kosa ambalo kila askari anaweza kulifanya, na bado wapiganaji walimwendea. Mabaki yake yalitunzwa hekaluni, na kati yake ulikuwepo mfupa wa taya, kama yalivyotunzwa mataya ya Makabaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mabaki hayo yalipelekwa Cambridge, Uingereza, yakakaa kwenye makumbusho, na mwaka 1962, mwaka wa uhuru, yakarudishwa Uganda. Nikifika hapo darasani huwa kimya. Ukiona mfupa, huwezi tena kusema tunazungumzia hewa.

Mukasa ni mpole zaidi. Hekalu lake kuu lilikuwa kisiwa cha Bubembe, Ssese, na alama yake ni kasia. Wavuvi walimwomba samaki, wagonjwa wakamwomba afya, wasiozaa wakamwomba watoto, na mapacha walihesabiwa kuwa zawadi yake. Ziwa lenyewe Waganda wanaliita Nalubaale. Jina Victoria lililetwa na Speke mwaka 1858. Bwawa la umeme hapa Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, leo linaitwa Nalubaale, na mimi nafurahi kila nikilisoma jina hilo kwenye bili.

Lubaale haongei hewani. Huwa na mmandwa, mtu ambaye lubaale humpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake, ndani ya ssabo, kibanda cha ibada. Hapo utakuta nguo ya magome ya mti wa mutuba, kikapu cha sadaka, na buni za kahawa.

Watu wa mbali pia wamewahi kupandisha binadamu. Sango wa Wayoruba, mwenye radi, anakumbukwa kuwa mfalme wa Oyo. Guan Yu alikuwa jemadari wa China aliyeuawa mwaka 220, na leo ana mahekalu. Imhotep wa Misri, msimamizi wa piramidi ya ngazi ya farao Djoser, aliabudiwa baadaye kama mganga. Kwa hiyo mwanafunzi akitaka kulinganisha, naona Kibuuka yuko karibu na Guan Yu kuliko Ares, mungu wa vita wa Wagiriki.

Balubaale wa kike wapo pia. Kiswahili hulazimika kuongeza maneno, "mungu wa kike". Kiganda mara nyingi hutanguliza Na- kwenye jina. Nalwanga, mke wa Mukasa, ni mmoja wao.

Basi kwenye insha naruhusu wanafunzi waandike lubaale bila kutafsiri, kwa upatanisho wa watu: lubaale amekuja, balubaale wamekuja. Mara ya kwanza nilipoliandika ubaoni, waliangaliana. Darasa lina Mukasa mmoja, Kiwanuka mmoja, jina la lubaale wa radi, na Musoke wawili, jina ambalo kwa Kiganda ni upinde wa mvua na pia lubaale wake. Nilikuwa nimewaita majina hayo asubuhi ile ile, nikisoma rejista.