Yadi 100 sio sehemu takatifu jamani

Wacheza gofu wengi tumekaririshwa hii, kwamba kwenye shimo la par 5 (linalotakiwa kumalizwa kwa mapigo matano) kama pigo la pili halifiki grini, pale penye nyasi laini na kitundu, basi uache mpira yadi 100 ili upige weji (fimbo ya mapigo mafupi) kwa nguvu kamili, eti kapigo kafupi ka yadi 40 ndo kagumu. Inaingia akilini kabisa ila namba zinakataa.

Mark Broadie, profesa wa Columbia kule New York, alichambua mapigo ya PGA Tour, mashindano ya mapro wa Marekani, akakuta mapro wakiwa yadi 100 kwenye feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea grini) wanamaliza shimo kwa wastani wa mapigo 2.80, wakiwa yadi 40 ni 2.60. Na hao weji ndo kazi yao ya kila siku!

Watu watakutajia pro Zach Johnson, kwenye mashindano makubwa ya Masters ya 2007 pale Augusta, Marekani, hakujaribu kufika grini kwa mapigo mawili hata par 5 moja, akazicheza 11 chini ya par na koti la kijani la bingwa akavaa. Kweli, lakini wiki ile kulikuwa na baridi na upepo, yeye sio mpiga mbali, alafu shimo la 13 na la 15 yana maji mbele ya grini, ukikosea kidogo tu mpira umezama.

Kwa iyo angalia kwanza huko mbele kuna nini. Yadi 40 kwenye rafu (nyasi ndefu) wastani ni 2.78, kwenye bunka (shimo la mchanga) 2.82, yani faida yote imeliwa, hapo baki nyuma bila aibu. Ila kama ni feawei tupu mpaka grini, chukua fimbo ndefu usogee.