Alfa 0.7 sio cheti cha dodoso

Hii ya "alfa ikifika 0.7 dodoso limepita" (alfa ni namba inayoonyesha majibu ya maswali ya dodoso yanaendana kiasi gani) nimeisikia tena juzi hapa Tanga, kijana anafanya risachi ya wavuvi wa Sahare, na simlaumu manake ndo tunavyoambizana miaka yote. Ila alfa aliyoieleza mwanasaikolojia Lee Cronbach mwaka 1951 inaangalia tu majibu yanavyokwenda pamoja, haijui unapima nini. Mizani ya samaki ikizidisha nusu kilo kila ukipima, inarudia jibu lilelile vizuri kabisa na mteja bado kaibiwa.

Halafu alfa inapanda ukiongeza maswali tu. Chukua maswali yenye uhusiano hafifu, wastani wa 0.2 kati ya moja na jingine, yakiwa 5 alfa ni kama 0.56, yakiwa 10 inafika 0.71, yakiwa 20 ni 0.83, na uhusiano wenyewe haujasogea hata kidogo! Ikigonga 0.95 mi ndo naingiwa na wasiwasi, mara nyingi ni swali moja limezungushwa maneno. Na kama unataka kujua maswali yanapima kitu kimoja au viwili, hilo ni la uchambuzi wa fakta, yaani hesabu ya kuona maswali yapi yanajikusanya pamoja, alfa haikwambii.